Nani Anakukimbiza?

Nilijirusha kwenye majani ya kuwasha.

Sikuanguka. Kuanguka kuna heshima yake: mtu unateleza, unalaumu jiwe, unajipangusa, unaendelea. Mimi nilijirusha mwenyewe, mchana kweupe, baiskeli nzima, breki nzima, njia nyeupe na pana mbele yangu. Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, kilomita chache baada ya mji mdogo wa Leitza, kaskazini mwa Navarra, jimbo la Hispania, katika milima ya Wabaski, watu wenye lugha yao wenyewe. Nilikuwa nateremka polepole chini ya miti iliyoanza kugeuka rangi ya kutu. Nyuma yangu nikasikia matairi yakisaga changarawe.

Kabla akili haijauliza ni nini, mikono ilishakata usukani.

Na ilikata kushoto. Hapo ndipo penye aibu yenyewe, kwa sababu Hispania wanapita kulia, na anayetaka kukupita anakupitia kushoto. Kwa hiyo nilimkatia njia kabisa yule aliyekuwa nyuma, breki zake zikapiga kelele, mimi nikaishia kichakani, soksi zikiwa zimejaa yale majani yanayowasha kama upupu wetu, tofauti ni kwamba haya hayakupi hata muda wa kujiuliza.

Nilipogeuka nikamwona bibi wa miaka sabini na ushei, kofia ngumu ya njano kichwani, juu ya baiskeli ya umeme, mbele ana kapu la uyoga. Kapu halikumwagika. Aliniangalia, akaangalia njia yote nyuma yake, nyeupe na tupu mpaka kwenye kona, akaniangalia tena.

Kisha akaniuliza swali ambalo limekaa na mimi wiki sita sasa.

Kihispania changu ni cha miaka miwili ya Pamplona, mji ninakosoma, kinatosha sokoni na kwenye karakana ya chuo, hakitoshi kichakani. Kwa hiyo mpaka leo sina hakika alisema lipi kati ya mawili. Ama alisema, "Nani anakukimbiza?" Ama alisema, "Unamkimbia nani?"

Mnajua tofauti yake.

## Kanuni ya mjomba

Baiskeli nilifundishwa na mjomba, Nachingwea, kusini mwa Tanzania, kwenye Phoenix nyeusi iliyokuwa ndefu kuliko mimi. Nilianza kwa kupitisha mguu chini ya bomba, mwili umepinda kama mtu anayechungulia uvunguni. Mjomba alikuwa akikimbia pembeni ameshika keria, na alipoiachia hakuniambia. Wote tumefundishwa hivyo.

Lakini somo halikuwa kusimama bila kuanguka. Somo lilianza siku aliponitoa uwanjani akanipeleka barabarani.

"Usisubiri honi," aliniambia. "Honi ni salamu ya mwisho. Sikiliza matairi. Ukisikia matairi, shuka kushoto kwanza, maswali baadaye."

Yeye alikuwa akisafiri na samaki wakavu, debe mbili na gunia juu yake, na msimu wa korosho ukifika barabara ilikuwa ya malori. Kingo ya lami pale ilikuwa imeliwa na mvua, ukishuka unashuka kina cha kiganja, chini mchanga. Kushuka na mzigo ni kuanguka kwa mpango. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba nilidhani ni sehemu ya kuendesha baiskeli, kama kupiga pedeli. Unaendesha, unasikia, unashuka, unasimama mchangani ukiwa umefumba macho kwa vumbi, unapandisha mzigo, unaendelea. Hakuna aliyelalamika. Dereva akipunguza mwendo, watu walishangaa, wakadhani gari limeharibika.

Nikiwa kidato cha pili, siku moja mjomba hakushuka mapema vya kutosha. Kioo cha pembeni cha lori kilimpiga begani. Lori halikusimama, na namba hakuna aliyeishika. Mfupa wa bega uliunga vibaya, Phoenix ikauzwa kulipia matibabu, na tangu hapo mjomba akitembea, bega la kushoto linatangulia kidogo, kama anayepita katikati ya watu.

Hakuendesha tena.

Mimi niliendelea kuendesha, shule, chuo, kazini, na masikio yangu yakakaa pale alipoyaweka.

## Treni haipendi mlima

Sasa njia yenyewe.

Wabaski wamekaa kwenye kona ya milima, mabonde membamba kama kwamba mtu amekunja karatasi akaisahau. Ukiangalia ramani unajiuliza baiskeli itapita wapi bila kukuua kwa miinuko. Jibu ni kwamba itapita palipokuwa pakipita treni. Treni na mpanda baiskeli wa kawaida wanafanana tabia: wote hawapendi mlima. Kwa hiyo waliotandika reli zile nyembamba za upana wa mita moja walifanya kila hila kuukwepa mteremko mkali. Waliambaa na mito, walichonga kuta za miamba, na pale mlima ulipokataa kabisa wakautoboa.

Hii niliyokuwa juu yake inaitwa Plazaola. Mwaka 1904 ilianza kama reli ya kushusha chuma ghafi kutoka machimboni hadi mji wa Andoain. Hata jina lina chuma ndani yake, kwa kuwa *ola* kwa Kibaski ni mahali pa kufulia chuma, na ukijua hilo unaanza kuziona *ola* kila kibao. Mwaka 1914 ikaungwa iwe reli ya abiria kati ya Pamplona na Donostia, mji ambao kwa Kihispania ni San Sebastián. Mafuriko ya 1953 yakaivunja, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imefungwa moja kwa moja. Barabara zilishakuja. Reli ikang'olewa, mataruma yakaondoka, likabaki tuta, madaraja na mashimo milimani.

Hispania ilianza mwaka 1993 mpango wa kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za miguu na baiskeli, na wakaziita njia za kijani. Wabaski kwa upande wao njia ya baiskeli wanaiita *bidegorri*, njia nyekundu. Kwa hiyo njia ileile moja inaweza kuwa ya kijani kwa lugha moja na nyekundu kwa lugha nyingine, na ukipita mwenyewe unakuta ni nyeupe, rangi ya changarawe.

Nilianzia Lekunberri, kwenye stesheni ya zamani ambayo wameikarabati vizuri mpaka unatamani kuulizia tiketi. Kutoka hapo unapanda, lakini ni kupanda kwa treni, kule ambako hujui unapanda mpaka ugeuke uone bonde limezama. Baada ya hapo unafika Uitzi.

## Kilomita mbili na robo tatu za giza

Handaki la Uitzi lina urefu wa karibu kilomita 2.7. Limenyooka. Ukisimama mdomoni unaona mwisho wake kwa mbali, tone la mwanga kama kichwa cha pini, na tone hilo halikui. Unapiga pedeli, unapiga pedeli, halikui.

Baridi ilinishika mabegani. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka darini. Taa yangu ya usukani ilinichorea duara dogo la kokoto na unyevu, na nje ya duara hilo sikuwa na habari. Nikajikuta naimba, kwa sauti, nyimbo za jando ambazo sijaziimba tangu utoto, kwa sababu ukimya wa mle ndani una uzito.

Halafu nikasikia tairi nyuma yangu.

Mle ndani hakuna pa kushuka. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Moyo ulinipanda kooni. Nilikaza usukani na kusubiri, na nyuma yangu sauti ikaendelea kwa mwendo uleule, haikuongezeka, haikupungua. Ilinichukua muda wa kuaibisha kutambua kwamba ni tairi langu mwenyewe. Ukuta ulikuwa unanirudishia.

Hilo sikumwambia mtu siku ile. Lakini nadhani bibi wa uyoga alikutana na mtu ambaye tayari alikuwa ameshtuliwa na kivuli cha sauti yake.

Na kuna jambo moja la Uitzi ambalo napenda kulisema kila ninapolisimulia, hata kama halihusiki sana. Juu ya handaki lile ndipo mgongo wa nchi ulipo. Maji ya upande unaoingilia yanateremka hadi mto Ebro na kumalizikia Mediterania. Maji ya upande unaotokea yanakwenda kaskazini, kwenye bahari ya Biskaya. Mimi niliingia kwenye jua, nikatokea kwenye ukungu na ile mvua yao nyepesi isiyonyesha wala kukoma, inayoitwa *sirimiri*. Robo saa ya giza, na hali ya hewa ni ya nchi nyingine.

## Neno changarawe

Wazungu siku hizi wana baiskeli maalumu za changarawe. Zina usukani wa mashindano, matairi mapana kiasi, gia nyepesi. Niliyokodi ilikuwa hivyo, na bei yake ya dukani, niliichungulia, ingenunua pikipiki mbili kwetu na chenji ya mafuta.

Nilipomtumia mama picha ya njia, akajibu kwa sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, huko Ulaya nako lami haijafika?"

Nilicheka, kisha nikakaa nalo. Kwetu changarawe ni hatua ya kuelekea lami. Ni ahadi ya mbunge. Ukimwambia mtu wa Ruangwa kwamba kuna watu wanalala hotelini na kulipa fedha ili asubuhi waende wakatafute barabara isiyo na lami, atakuuliza kama wana watoto. Lakini ukweli ni kwamba si changarawe wanayoitafuta. Nimeendesha na kikundi cha chuoni mara nne sasa, nimewasikiliza wakizungumza. Wanazungumzia matairi na upepo wa matairi mpaka unachoka, lakini wakilewa sagardo kidogo, yaani mvinyo wao wa tufaha, wanaanza kusema jambo lenyewe. Mmoja ana rafiki aliyegongwa. Mwingine aliacha kuendesha barabarani siku alipozaa. Wameihama lami kwa sababu ya kilekile alichokiogopa mjomba.

Changarawe ni mahali ambapo gari halina haja ya kuja.

Kumbe tunakimbia kitu kimoja. Tofauti ni kwamba wao walipokimbia walikuta wameandaliwa pa kukimbilia, pamewekwa vibao na mabenchi, na chemchemi ya maji ya kunywa.

## Ukimya una bili

Hapa nilitaka kumaliza makala haya, wiki ya pili. Nilikuwa nimeshaandika kitu kizuri kuhusu amani ya bonde. Kisha nikamwonyesha mwenyeji mmoja wa Gipuzkoa, mkoa wa Wabaski unaopakana na Navarra, ninayesoma naye, akasoma tafsiri yangu, akasema, "Leitzaran? Wewe unajua pale palitokea nini?"

Sikujua.

Bonde la mto Leitzaran ndilo njia inalolifuata kuelekea Andoain. Ni sehemu nzuri kuliko zote, handaki baada ya handaki, mto chini yako, na miti ile mirefu yenye gome laini la kijivu ambayo Wabaski wanaiita *pago*. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa kupitisha barabara kuu huko, ile ya kuunganisha Pamplona na Gipuzkoa. Watu walipinga: wanamazingira, wanavijiji, vijana. Ikawa hoja ya nchi nzima. Kisha ETA, kundi la silaha lililopigania uhuru wa nchi ya Wabaski, wakaingia na mabomu yao, wakalipua mitambo ya ujenzi, na watu wakauawa. Mwaka 1992 yakafikiwa makubaliano na njia ikasogezwa. Barabara ile, A-15, ipo leo, na ukiwa Lekunberri unaisikia vizuri tu. Bonde lenyewe tangu 1995 ni eneo linalolindwa kisheria.

Wapo wanaosema wananchi walishinda. Wapo wanaosema bunduki ndiyo iliyoshinda, na kwamba waliopinga kwa amani waliporwa ushindi wao. Huyu mwenzangu baba yake alikuwa akiandamana. Nilimuuliza baba yake anasemaje siku hizi. "Hasemi," akajibu. "Anakwenda kutembea huko na mbwa, anarudi."

Nilifuta nilichokuwa nimeandika.

Sijui kama nina haki ya kusema chochote kuhusu jambo hilo, mgeni wa miaka miwili. Ila nilirudi Leitzaran wiki iliyofuata na sikuweza tena kuusikia ukimya kama kitu kilichoota pale chenyewe. Kuna mtu alitoa. Kuna mtu alitolewa.

Siku hiyo pia nilikutana na gari. Ndiyo, kwenye njia isiyo na magari. Ni pikapu ya mtu wa msitu, ina kibali chake, ilikuwa imebeba magogo. Iliniandama kwa umbali, kimya, pengine dakika tatu nzima, mwenye gari akisubiri mimi nifike mahali papana. Hakupiga honi. Mimi mwili mzima ulikuwa umekakamaa, bega la kushoto limepanda hadi sikioni. Nilipompisha akashusha kioo, akasema "*Eskerrik asko*," asante sana, akaenda zake.

Nikasimama pale hadi miguu ikatulia. Dakika tatu mtu mwenye chuma cha tani mbili ananisubiri mimi. Sikujua niiweke wapi hali hiyo.

## Mto wenye majirani wawili

Ningependa kusema baada ya hapo nilipona. Nikaenda Bidasoa.

Bidasoa nayo ni njia ya treni iliyokufa. Kitreni chake kilikuwa kikitoka Irun, mpakani na Ufaransa, kikiufuata mto hadi Elizondo, kuanzia 1916 hadi 1956. Leo unapita kilomita arobaini za kando ya maji, karibu bila kupanda, na ni sehemu ya njia ndefu ya baiskeli inayopita mwambao wa Atlantiki wa Ulaya. Familia zinakuja na watoto kwenye vigari vya nyuma. Ukitaka kuanza mambo ya changarawe, anzia hapo, Plazaola ije baadaye.

Karibu na Irun katikati ya mto kuna kisiwa kidogo, cha miti tu, hakina mtu. Ni pale Hispania na Ufaransa zilipofanyia mkataba wa amani wa 1659, na tangu hapo kisiwa ni mali ya wote wawili. Leo kila mmoja anakishika miezi sita, kisha anamwachia mwenzake. Bila risasi, bila hata sherehe kubwa. Nilisimama nikakitazama, nikafikiri mambo mazuri kuhusu Wazungu na mipaka.

Halafu nikasoma maneno ukutani, yameandikwa kwa rangi, na tarehe.

Tangu 2021 vijana kadhaa wa Afrika Magharibi wamezama kwenye mto ule. Wanakuja kutoka mbali kuliko Nachingwea kwa hesabu yoyote ya maana: jangwa, bahari, Hispania nzima. Wanafika Irun, wanakuta polisi wa Ufaransa wanakagua darajani. Wanakagua nani, haihitaji mtu kukueleza. Mto unaonekana mwembamba. Ng'ambo inaonekana karibu, na kweli ni karibu.

Mimi nilikuwa nimevaa suruali ya kubana ya baiskeli, kofia ngumu, miwani. Mfukoni kadi ya ukaazi. Watu walikuwa wakinipita wakisema "*Aupa!*", ile salamu yao ya njiani, na mimi nikijibu "*Aupa!*" Baiskeli ya kukodi ilikuwa imenibadilisha kuwa mtu wa mapumziko. Kama ningekuwa natembea kwa miguu, na begi, na viatu vya kawaida, kwenye njia hiihii, saa hiihii, je?

Nikawasha tena kichwani sauti ya yule bibi. Nani anakukimbiza. Na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba huenda hakuwa akitania. Huenda aliona kijana mweusi anajitupa kichakani aliposikia mtu, akafikiri anajua kwa nini. Huenda aliuliza kwa dhati, kwa sababu alikuwa tayari kusaidia.

Mimi nilimjibu kwa kucheka, nikasema, "Hakuna, hakuna," nikatoa majani kwenye soksi. Naye akanipa uyoga mmoja mkubwa, sijui kwa nini, akaenda.

Uyoga ule niliula usiku na vitunguu. Ulikuwa mtamu kama ule unaotoka kwetu mvua za kwanza zikinyesha.

Nimeutafuta uso wake kila nikipita Leitza. Mji ule unajulikana kwa wanaume wanaoinua mawe, mawe ya kilo mia mbili, mia tatu, kwa mashindano, na kuna mtu wa pale, Iñaki Perurena, ambaye ameanzisha hadi makumbusho ya mawe ya wazi mlimani. Nimekaa kwenye baa zao, nimekula mayai na viazi, nimeuliza kwa aibu kuhusu bibi mwenye kofia ya njano. Wananiambia mabibi wenye baiskeli za umeme wapo wengi, nichague.

## Treni wameipeleka wapi

Jumapili iliyopita nilimpigia mjomba kwa video. Nilikuwa mdomoni mwa handaki la Uitzi, mtandao unashika ukisimama upande wa Lekunberri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Upo pangoni?"

Nikamweleza. Nikageuza simu nikamwonyesha lile tone la mwanga la mwisho, nikamwonyesha njia, watu wanapita na watoto, mzee mmoja na mbwa. Mjomba alitazama muda mrefu. Mtu aliyeendesha baiskeli maisha yake haulizi maswali ya mtalii. Akauliza upana. Nikampimia kwa hatua. Akauliza mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi, nikamwonyesha mfereji. Akauliza magari yanaingilia wapi.

"Hayaingii, mjomba."

"Hayaingii kwa sababu hakuna, au yamekatazwa?"

"Yamekatazwa. Kuna nguzo."

Akanyamaza. Akasogeza bega, lile la kushoto.

"Na treni wameipeleka wapi?"

Nikamweleza hadithi yote, machimbo, abiria, mafuriko, barabara. Nilidhani namfundisha kitu. Mjomba akaanza kucheka.

"Hiyo si ya kwetu hiyo?"

Nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote bila kulijua. Reli ya karanga. Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye genge la reli ile, ile Waingereza waliyoijenga kwa ajili ya mradi wao wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, karanga zikakataa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa. Mjomba alizaliwa reli ipo na akaenda shule reli haipo. Walikuwa wakitembea juu ya tuta, akasema, kwa sababu tuta lilikuwa kavu masika, halina miiba, na halina gari. Watu wa baiskeli nao walipita huko. Baba yake alipita huko, juu ya udongo alioushindilia mwenyewe.

"Sasa mbona ulinifundisha barabarani?"

"Barabara ndiko wateja walikokuwa."

Nikamuuliza tuta limefikia wapi siku hizi. Akasema wamelima mihogo sehemu kubwa, na mahali pengine mikorosho, na kuna mtu amejenga. Kipande cha kuelekea korongoni bado kinapitika, watoto wa shule wanakitumia, na wiki iliyopita alimwona kijana na baiskeli yenye magunia ya mkaa akipita huko taratibu, bila kugeuka nyuma hata mara moja.

"Kinafika wapi?"

"Mpaka korongoni. Daraja hakuna."

Nyuma yangu kulikuwa na sauti ya matairi. Mjomba aliisikia kabla yangu, kupitia simu, umbali wote ule, nikaona macho yake yakihama.

"Shuka," akasema.